Bolti Moja ya Mashamba

Harufu ya kutu iliyolowa hunirudisha Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, uani kwetu, beseni la bolti likiwa kati ya magoti yangu. Niwakirie mapema: hadi leo sinunui bolti bila kuipima kwa sumaku mara tatu, na mwenye duka anicheke akitaka.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa fundi wa pampu iliyoelea juu ya chelezo katika shimo la mgodi lililoitwa Mashamba. Maji yale yalikuwa makali. Chuma cha kawaida kililainika ndani yake kama muhogo uliolowekwa. Majuma hayo sisi wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine, tulikuwa tunafukuzwa na wenyeji, na jamaa zetu walikuwa wamejaa stesheni wakingoja treni. Kazi ya mwisho ya Tata ilikuwa kubadilisha bolti kumi na sita za chelezo. Alinipa sumaku ya spika ya redio nimchagulie.

"Yenye sumaku inakamata, tupa," alisema. "Hata iking'aa. Ile imevaa tu nguo ya kanisa. Inoksi yenyewe, chuma ya bila kutu, sumaku inaikatala."

Pampu angeachiwa jirani yetu mwenyeji, Tata Kalenga. Binti yake akachungulia juu ya ua.

"Mutaenda siku gani? Mu nyumba yenu mi nishachagula chumba!"

Nilicheka naye nikificha hasira. Kisha nikachukua bolti moja iliyong'aa, iliyokamatwa na sumaku, nikaichanganya na zile nzuri. Tata hakuzipima tena, akaenda kuzifunga. Aliamini mikono yangu.

Asubuhi ya safari, mizigo ikiwa imefungwa, nilimwambia yote. Tata akachukua spana, sumaku na bolti nyingine.

"Banatufukuza, na weye unaenda kubafungia bolti?" Mama alilia.

"Kalenga hajue kuogelea, mama," Tata akamjibu.

Akapita katikati ya vijana wenye fimbo waliokuwa wakitufukuza, barabarani. Alirudi jua likiwa utosini, suruali imelowa hadi magotini, akaniwekea bolti ile kiganjani.

"Inaisha," alisema, yaani yamekwisha. 

Miaka mingi niliamini kwamba alikwenda kumwokoa Kalenga. Baadaye nikajifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuokota, mambo ya vyuma na maji. Chelezo chenye bolti kumi na tano nzima hakizami kwa moja mbovu. Tata alilijua hilo kabla hajashika spana. Alizipita fimbo zile ili mimi nipande treni moyo ukiwa mwepesi.