Mgongoni kwa Mkwe

Bochaberi ameuza ndizi sokoni Migori miaka ishirini na hajawahi kukosa la kumwambia mtu. Ulimi huo ndio uliomfikisha ziwani. Siku binti yake wa pekee, Jerusha, alipoposwa na Boaz wa kisiwa cha Mfangano, aliyesemekana kuwa karani wa ofisi ya samaki, mama alimwambia mbele ya shangazi zake wote: "Huko hakuna hospitali ya maana. Ukizaa na ukapata shida, usinililie mimi."

Jerusha alitarajiwa kujifungua Februari. Sasa ilikuwa Aprili, simu haishikwi, na ujumbe uliofika ulikuwa mmoja tu: "Tuko sawa, mama. Usikuje."

Mama akiambiwa usikuje, anaenda. Bochaberi alifunga unga wa wimbi wa uji wa mzazi, akavaa gauni la kanisa, akatoka alfajiri. Homa Bay alibadilisha gari, na Mbita barabara ikamwishia. Kwa kuwa alikuwa mtu wa nauli ya chini, aliipanda mashua ya mbao, ile inayosimama popote mtu akipunga shati. Ratiba yake ni moja: ikijaa, inaondoka. Ilijaa watu, ikajaa magunia ya mkaa, akaingia hata mbuzi, na bado nahodha akasema kuna nafasi. Bochaberi alipewa jaketi la kuokolea lililoonekana limeokoa watu hadi likachoka.

Huko visiwani gati ni chache. Mashua inasimama mbali kidogo na nchi kavu, na wanaume wanaingia majini kuwabeba abiria mgongoni. Pale kisiwani Takawiri Bochaberi alimwona mwalimu mzima, tai shingoni, akipelekwa ufuoni kama mtoto mwenye homa. Alicheka peke yake. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho siku hiyo.

"Nyar Kisii, unaenda kwa nani?" aliuliza Roseline, muuza omena, dagaa wa ziwani, aliyeketi naye ubao mmoja, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo.

"Kwa binti yangu. Bwana yake ni Boaz, karani wa ofisi ya samaki."

"Akina Boaz tuko nao wengi kama omena. Lakini ofisi?" Roseline alianza kucheka, akamtazama usoni, akaacha. "Labda ilifunguliwa jana."

Bochaberi alikaza kamba za jaketi, akageukia ziwa.

Alipofika ufuo wake, upepo ulikuwa umemlazimisha kujifunga leso kichwa kizima, macho tu nje. Mbebaji mwenye kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi alikuja akageuza mgongo. "Panda, mathe. Shika shingo, masikio uniachie."

Bochaberi akapanda, furushi la unga kichwani, gauni la kanisa likiwa limevutwa hadi mahali ambapo mchungaji hangependa kupaona.

"Sasa nikupeleke kwa nani?"

"Kwa Jerusha. Jerusha wa Boaz."

Mgongo ulisimama katikati ya maji.

Kwa Wakisii, mama mkwe na mkwe hawagusani. Hata kutazamana usoni ni aibu. Bochaberi alikuwa amemwona Boaz mara moja tu, siku ya posa, na heshima ikamfanya aangalie chini muda wote. Angeweza kuvitambua viatu vyake. Leo hakuwa na viatu.

"Mama," mgongo ukasema polepole. "Ni mimi."

"Boaz, peleka mama wa watu!" nahodha alipiga kelele. "Umeota mizizi?"

Mikono ya Bochaberi ilikuwa shingoni kwa mkwe, magoti yake ubavuni mwa mkwe. "Nishushe!"

"Maji hapa iko hadi kifua, mama. Vumilia." Akaanza kutembea. Hawakuweza kuonana uso, na labda ndilo lililomfungua mdomo. "Hakuna ofisi. Haikuwahi kuwa. Nilidanganya."

"Nani amekuuliza ofisi? Jerusha yuko aje?"

"Yuko hai."

Kwa namna alivyolitamka hilo, Bochaberi alijua kuna lingine linakuja.

"Ni mtoto. Tulikuwa tunampeleka Jerusha Mbita, ziwa likachafuka, mashua ikarudi. Akazalia hapa. Mtoto hakulia." Alipiga hatua mbili. "Nilitaka kukuambia. Jerusha akakataa. Akasema wewe ulishasema usililiwe."

Mwanamke aliyewanyamazisha makanga wa Migori alilegeza mikono shingoni mwa mkwe.

"Nishushe sasa," alisema.

Maji yalimfika kiunoni. Aliyavuka mwenyewe, gauni likimwelea pande zote, watu wa mashua wakishangilia bila kujua wanachoshangilia. "Nyumba?"

Boaz alionyesha kwa kidevu, ile ya mabati nyuma ya omena zilizoanikwa. Yeye akabaki majini, uso upande mwingine.

Jerusha alikuwa ameketi nje akichambua omena kwenye sinia mapajani. Alikuwa amekonda. Alimwona mama yake anakuja, ametota, na hakuinuka.

"Sema tu, mama," alisema. "Sema uliniambia."

Kutoka Migori hadi Mbita Bochaberi alikuwa amepanga maneno: ya simu isiyoshikwa, ya adabu, ya kumficha mama mzazi. Aliyatafuta yote. Hakuona moja la kumpa mtu aliyekonda namna ile.

"Mlimlaza wapi?" aliuliza.

Jerusha alimkazia macho, akitafuta mwiba ndani ya swali. Kisha akaweka sinia chini, akatangulia nyuma ya nyumba. Hapo palikuwa na udongo uliosawazishwa na mawe manne, basi. Walisimama.

"Alikuwa msichana," Jerusha alisema.

"Alifanana na nani?"

Jerusha aliinama, akalinyoosha jiwe moja.

"Nilikuwa nimekukasirikia hivi, mama," alisema, sauti ikimkatika, "na akakuja na pua yako."