Mchomeleaji Aliyebishana na Kompyuta

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, barakoa usoni na glavu mikononi, anamimina unga wa chuma ndani ya mashine kubwa kama kabati la nguo. Anafunga mlango, anabonyeza kitufe, anainamia kioo. Ndani, mwale wa leza unayeyusha unga mstari kwa mstari, kila tabaka jembamba kuliko unywele.

"Usinisemeshe kidogo," anasema. "Matabaka ya kwanza yakienda mrama, siku nzima imepotea."

Hapa kwenye maabara ya kuchapa vipuri vya chuma wanamwita Mama Cheche. Kabla ya kuajiriwa miaka mitatu iliyopita, alichomelea mageti kando ya barabara kwa miaka kumi na minne. Kuna siku macho yalivimba kwa mwanga wa kuchomelea hata mumewe akamlisha kwa kijiko.

Mama mkwe wake aliposikia amepata kazi ya unga, alimtumia mfuko mtupu. "Mwanangu, nisikose kilo mbili za kuonja."

Mwaka jana hospitali moja ilileta feni ya pampu ya maji, imevunjika. Kiwanda kilichoiunda kilishafungwa. Wodi ya wazazi ilikuwa ikiishi kwa maji ya ndoo.

Mtafiti wa maabara alijenga kielelezo kwenye kompyuta, cha kukadiria joto na mkazo ndani ya chuma. Kompyuta ikasema feni mpya itatoka salama. Wakaijaribu mara nne. Zote nne zilipasuka, palepale kwenye mashina ya mapanga.

"Bamba la chini, pale unga unapoyeyukia, lina baridi," Mama Cheche alimwambia. "Chuma cha moto kikigandia kwenye baridi kinajivuta, kinapasuka. Kule barabarani tulikuwa tunapasha kwanza."

"Kielelezo hakionyeshi hivyo."

"Basi kielelezo chako hakijawahi kuchomelea geti!"

Mtafiti anakiri alinuna. "Lakini nilikwenda kulipima bamba. Kwenye hesabu niliandika nyuzi mia mbili, kumbe kipashio cha kulipasha joto kilikufa zamani. Nilipoweka joto halisi, kompyuta nayo ikaonyesha ufa palepale."

Walitengeneza kipashio. Feni ya tano ilitoka nzima.

Siku feni ilipofungwa kwenye pampu, muuguzi mkuu wa hospitali alimpigia Mama Cheche simu. Aliisogeza simu kwenye bomba lililofunguliwa. Mama Cheche alisikiliza maji yakimwagika.

Siku hizi jioni anasoma hesabu mezani na binti yake wa sekondari, ambaye hana huruma. "Mama, umesahau mabano tena!"

Mwakani ataanza stashahada ya uhandisi, na mtafiti ndiye aliyemwandikia barua ya mapendekezo.

"Nataka nijenge kielelezo changu mwenyewe," anasema, macho hayabanduki kiooni. "Na nikikosea, nipate mtu wa kunibishia."