Landrova ya Baba Inauzwa

Sisi tuliokulia Misikhu enzi zile hatukuhitaji mkanda wa usalama garini. Tulibanwa wanane mahali pa wawili, hivyo hata gari lingepinduka hakuna ambaye angepata nafasi ya kuanguka. Watoto wa siku hizi hufungwa kwenye viti vyao kama vifurushi vya posta, hupewa simu ya kutazama, na bado kabla ya kufika Kiminini wanauliza kama tumekaribia. Sisi tuliuliza mara moja tu maishani. Baba alisimamisha gari akamwambia aliyeuliza ashuke, ahesabu nguzo za stima kwa miguu mpaka apate jibu.

Gari lenyewe lilikuwa landrova ya kijani, au tuseme ilikuwa ya kijani kabla sijazaliwa. Baba aliinunua kwa mkulima mmoja wa Kitale aliyekuwa akifunga virago, na tangu siku hiyo Baba hakuwa tena mkulima wa mahindi. Alikuwa mwenye gari. Aliiegesha ikitazama mteremko, maana stata ilikuwa imekufa, na kila asubuhi ya safari watoto wa majirani walikuja kusukuma bila kuitwa. Malipo yao yalikuwa moshi, nao waliupokea kwa furaha. Leo mwombe kijana akusukumie gari, atakupiga picha ukisukuma mwenyewe.

Nakumbuka safari za kwenda Kitale siku ya soko. Ndani kulinuka dizeli, magunia, kuku na ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye majani yake. Mvua ikinyesha, barabara ya Kamukuywa iligeuka uji, na magari ya waheshimiwa yalikwama yamepangana kando. Baba alikohoa kidogo, akavuta kile kirungu cha kuamsha magurudumu yote manne, nasi tukapita. Wale waliokwama tuliwapungia mkono. Tulikuwa watoto wenye adabu, kwa hiyo tuliwapungia sana.

Mbele palikuwa na nafasi ya watu watatu. Baba alikuwa kwenye usukani, mimi katikati kwa sababu ndimi kifungua mimba, na kando ya mlango alikaa mgeni. Mgeni hakukosekana. Tusipoondoka na naibu wa chifu, tulimwokota mwalimu njiani, na mwalimu asipopatikana alipatikana mzee wa kanisa. Baba aliona ni aibu mwenye gari kusafiri bila mtu mzito pembeni yake. "Heshima ya gari ni mtu aliyekaa mbele," alituambia. Wengine wote, Mama akiwemo, walikaa nyuma kwenye benchi za chuma pamoja na magunia. Vumbi liliingilia huko nyuma. Tukifika Kitale, Mama alishuka mweupe mpaka kope, nasi tulicheka hadi mbavu zikauma.

Baba alipofariki, landrova ilibaki kando ya ghala. Mimi nilihamia Kitale, lakini kila mwezi nilikuja kuiwasha na kuizungusha mpaka Webuye na kurudi. Ina kutu, inavuja mafuta na kiti kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani, lakini inatembea. Fundi aliniambia gari lisilofanya kazi hufa pole pole, na akanishauri niiuze ingali hai. Shida haikuwa mnunuzi. Shida ilikuwa Mama. Kwetu, kitu cha marehemu hakitoki bomani kabla mjane hajatamka, na mimi niliogopa kumvunja moyo. Kila asubuhi nilimwona akifagia kwa uangalifu kuizunguka landrova ile, nikajua anamkumbuka mumewe. Miaka miwili nilimhurumia. Nilimhurumia kiasi kwamba sikuwahi kumuuliza.

Mwishowe nikaweka tangazo mtandaoni kimya kimya, nikijiambia kwamba nitampasha habari siku mnunuzi wa kweli akitokea. Hapo ndipo nilipokutana na kizazi kipya. Kumi waliandika "Bado iko?" kisha wakapotea. Mmoja aliuliza kama ina bluetooth. Mwingine, mwenye hoteli ya nyama choma mjini Bungoma, alitaka kuing'oa injini apande maua mle ndani wateja wapigie picha. Nilimjibu kwamba Baba tulimzika mara moja na inatosha.

Kisha Jumamosi moja wakaja kijana wa mtaa wa Tuwan, Kitale, na mkewe. Mama alikuwa barazani akichagua maharagwe. Yule kijana alivaa suruali iliyochanika magoti yote mawili, na naamini aliilipia zaidi kwa sababu hiyo. Akamsalimia Mama kwa heshima, akamwita kukhu kama tunavyowaita nyanya zetu, halafu akajitupa chini ya gari. Alipotoka uso wake ulikuwa unang'aa.

"Mzee, hii kitu ni moto," aliniambia. "Na hiyo kutu usiguse bana, ndiyo poa."

Utoto wangu wote niliisugua landrova kwa msasa kila Ijumaa ili kuiondoa hiyo kutu. Ndipo kijana akaenda upande wa pili, akafungua mlango wa mbele, akamshika mkewe mkono na kumkalisha, kisha akafunga mlango taratibu. Nilimwonea huruma. Ndoa haijafika mwaka na tayari ameajiriwa utingo. Niligeuka nimwambie Mama kichekesho hicho, nikakuta hacheki. Alikuwa ameweka ungo chini.

"Hao ndio utauzia," alisema.

Nikaanza hotuba yangu niliyoiandaa miaka miwili. Nilimwambia hatuna haraka, kwamba landrova ni kumbukumbu ya Baba, kwamba kama roho inamuuma tunaweza kungoja. Aliniacha nimalize.

"Nani alikuambia naipenda hii gari?" akauliza. "Nafagia hapo kwa sababu ni kwangu. Siku nilishikwa na uchungu wa dada yako, nilienda Webuye nimelala juu ya magunia. Mbele kulikuwa na mzee wa kanisa, ati anaenda mkutano. Na wewe."

Siku hiyo niliikumbuka vizuri sana. Ndiyo siku ambayo Baba aliniruhusu kupiga honi kutoka Misikhu mpaka Webuye. Nimewasimulia watoto wangu mara nyingi kama siku tamu kuliko zote za utoto wangu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini tulikuwa na haraka. Niliona aibu, na sina maneno mengine ya kuipamba.

Landrova iliondoka jioni hiyo. Jumatatu nikampeleka Mama kliniki Kitale kwa gari langu dogo lenye kiyoyozi. Lazima nikiri kwamba baadhi ya mambo ya zamani nayatamani bado. Siku hizi barabara ni lami tupu, vumbi hakuna, lakini watu tunapitana kama hatujuani, kila mtu na kiti kitupu pembeni yake. Zamani hatukumwacha mtu njiani. Tulimsogezea nafasi, na aliyesogea alikuwa yule yule siku zote.

Asubuhi hiyo Mama akatoka nyumbani amejifunga leso, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, kama alivyofanya tangu ninunue gari hilo. Mimi nilidhani hupenda kunyoosha miguu. Nikazunguka, nikafungua mlango wa mbele, nikamwambia akae hapo.

Hakukaa. Alikitazama kile kiti, akaitazama njia inayoingia bomani kwetu, kisha akanigeukia.

"Kwani leo hakuna mgeni?" akauliza.