Siku Mwalimu wa Vijana Alipodanganya Kanisani

Ninyi wenzangu mliolelewa nyuma ya handaki mtanielewa bila maelezo mengi, lakini wajukuu wetu inabidi waelezwe polepole. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na Mwingereza, imajensi kama tulivyozoea kuiita, sisi watu wa upande wa Karurumo tulitolewa kwenye mashamba yetu tukakusanywa kijiji kimoja. Nyumba zilibanana hivi kwamba jirani akikohoa wewe ndiye unayetafuta maji ya kunywa. Kijiji kilizungukwa na handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, na lango lilikuwa moja tu. Lilifunguliwa asubuhi, likafungwa jioni, na aliyechelewa nje shauri yake. Mama zetu ndio waliolichimba handaki lile, kwa majembe yao wenyewe, na watoto wachanga mgongoni.

Lakini mtoto ni mtoto. Tulicheza humo humo. Tulikuwa na mpira wa majani ya ndizi ambao ukilowa mvua unakuwa mzito, ukikupiga tumboni unakaa chini kwanza ndipo ulie. Tulicheza homgadi na watu wa msituni. Watu wa msituni ndio waliokuwa wakipigana na serikali ya Mzungu, na homgadi walikuwa wenzetu waliopewa bunduki na serikali hiyo kulinda lango, na kwa kuwa hakuna mtoto aliyetaka kuwa homgadi, ilibidi tupeane zamu. Tulikula viazi vya nduma vya kuchoma kwenye majivu, na uji wa mtama uliochacha kidogo hadi unakukunja uso. Siku hizi mjukuu wangu akipewa githeri anaokota mahindi na kuacha maharagwe pembeni ya sahani. Mimi namwangalia tu, nanyamaza, kwa sababu nikianza kusema sitamaliza.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu. Kanisa letu la zamani lilibaki huko mashambani likiliwa na mchwa, tukajenga lingine la udongo na nyasi ndani ya kijiji. Mzee aliyekuwa akiwaongoza vijana alichukuliwa na lori siku moja pamoja na wanaume wengine, hatukuambiwa wanapelekwa wapi. Wanaume walikuwa wameisha. Wazee wa kanisa wachache waliobaki wakakuna vichwa, mwisho wakampa kazi hiyo msichana ambaye hata hakuwa ameolewa, Mwalimu Igoki. Alikuwa mwembamba, mrefu, na gauni lake la samawati lilikuwa na viraka viwili mgongoni. Wazee walinung'unika kwamba msichana hawezi kuongoza vijana wakati mbaya kama ule. Sijui walidhani kuna wakati mzuri.

Kila tulichozoea kilibadilika mikononi mwake. Ngoma ilikatazwa, kwa sababu askari walidhani tunawapigia ishara watu wa msituni, basi akatufundisha kuimba kwa makofi na miguu mpaka vumbi linapanda. Mikutano ya jioni ilikatazwa, akaihamisha iwe asubuhi kabla mama zetu hawajaitwa kwenye kazi ya lazima. Hakuwahi kusema jambo fulani haliwezekani. Alikuwa akisema, "Haya, tufanye vingine." Na tulifanya vingine. Nawaona vijana wa leo wakiahirisha kwaya eti kinanda kimekosa stima, nabaki kinywa wazi.

Kisha wakaja wale ndugu waliookoka, wakihubiri kijiji hadi kijiji, wakaleta desturi ya ushuhuda. Mtu anasimama mbele ya wote, anaitaja dhambi yake kwa jina, bila kuficha chochote, halafu kanisa linaimba na kumpa mkono. Baada ya hapo dhambi hiyo imeisha, hakuna anayeruhusiwa kuitaja tena. Mwalimu Igoki aliipenda desturi hiyo kwa moyo wote. Nadhani ni kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimejaa minong'ono, hakuna aliyemwamini mwenzake, na hapo palikuwa mahali pamoja ambapo watu walisemezana waziwazi. Akatufundisha na sisi watoto. Mmoja alikiri kuiba muwa. Mwingine alikiri kwamba kaka yake anakojoa kitandani, akaambiwa aketi, hiyo si dhambi yake. Tulicheka, lakini tulijifunza kusema kweli, na mimi nilimwamini Mwalimu Igoki kuliko mtu yeyote isipokuwa mama yangu.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa Wanja. Nyumba yao iligusana na yetu. Alikuwa mtoto wa kuchukulia mambo yote kwa uzito; ukimwambia angoje hapa, utamkuta hapo hapo hata mvua ikinyesha. Baba yake alikuwa ameshafariki na mama yake alimlea peke yake, na kila siku walitoka pamoja langoni kwenda shambani kuchimba nduma.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Karibu na mlango waliketi homgadi watatu, bunduki zao zimeegemezwa ukutani, na mkubwa wao, Ireri, katikati. Walikuwa waumini kama sisi, walikuja kila wiki, hata tulikuwa tumewazoea. Mwalimu Igoki akauliza nani ana neno. Wanja akasimama, akafunga mikono mbele kama tulivyofundishwa.

"Mimi ni Wanja," akasema. "Nilidanganya pale langoni. Nilisema nduma iliyo kwenye kiondo ni ya cucu, bibi yangu, na haikuwa ya cucu. Ilikuwa ya mjomba aliye msituni. Mama aliniambia niiache kando ya mto, nami nikaiacha. Naomba msamaha kwa kudanganya."

Hakuna aliyeanza kumwimbia. Nilihisi mkono wa mama yangu ukinishika bega, vidole vikazama kwenye nyama. Wanja alisimama pale akingoja kuimbiwa, uso wake umetulia kabisa, maana alikuwa amefanya alivyoambiwa na alikuwa amefanya vizuri. Hakujua kwamba amemtia mama yake kitanzi. Kumpelekea chakula mtu wa msituni kulimpandisha mtu lori kumpeleka kizuizini, na wengine walinyongwa kwa makosa yasiyozidi hayo. Kila mtu mzima mle ndani alilijua hilo. Mama Wanja alikuwa ameketi upande wa wanawake, hakusogea, hakulia, alitazama tu sakafu.

Mwalimu Igoki akaanzisha wimbo. Sauti ilimkatika katikati ya neno la kwanza, akaanza tena, tukaitikia. Ibada ilipoisha homgadi walimchukua Mama Wanja wakaenda naye kwenye kambi yao juu ya kilima. Mwalimu Igoki akawafuata nyuma, bila kuitwa na mtu.

Yaliyosemwa huko nayajua kwa sababu mama yangu alikuwa na zamu ya kupeleka maji kambini siku hiyo, na alikuwa akimimina mtungi wakati Mwalimu Igoki anaongea. Alimwambia Ireri kwamba mtoto hana kosa wala mama yake hana kosa. Alidai kwamba maneno yale aliyatunga yeye mwenyewe, akamkaririsha Wanja kama anavyowakaririsha wengine aya za Biblia, ili waonekane wameokoka. Hakuna mjomba, hakuna nduma, hakuna mto.

Ireri naye alikuwa mtu wa hapo hapo, alimjua Mama Wanja tangu wakiwa watoto, na mama yangu aliapa kwamba alikuwa anatafuta mlango wa kutokea kama wao. Mwishowe akasema, "Mwalimu, hayo hayanisaidii ukiniambia mimi peke yangu. Kanisa zima limesikia, na hawa vijana wangu wawili wamesikia. Afisa Mzungu anakuja Jumatatu ya wiki ijayo na lori. Simama Jumapili ijayo, siku moja kabla hajaja, uyaseme mbele ya wote waliosikia, nami nitapata la kumwambia. Usiposema, huyu mama anaondoka."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Wanja alilala kwetu, kwenye ngozi moja na mimi, na aliuliza swali moja tu kila asubuhi, kwamba kama ameshasamehewa, mbona mama harudi. Mama yangu akampa uji. Mimi akanivuta pembeni nyuma ya nyumba, akaniambia, "Wewe funga mdomo. Ukiulizwa, hujui. Hata Mungu akikuuliza, mwambie utamjibu imajensi ikiisha." Mama yangu alikuwa mcha Mungu wa kweli, na kumsikia akisema hivyo kulinishtua karibu kama maneno ya Wanja.

Wazee wa kanisa nao wakamwita Mwalimu Igoki. Walimwambia wazi: akisimama kukiri kwamba amefundisha watoto uongo ndani ya nyumba ya Mungu, watamvua kazi ya vijana na atatengwa, hatagusa meza ya Bwana tena. Na walijua, jamani, hilo ndilo linaloniuma. Kila mmoja wao alijua nduma zile zilikuwa zinaenda wapi. Lakini kanuni ilikuwa kanuni, na pia waliogopa. Mwalimu akawajibu kwamba ameelewa, akaenda zake kuteka maji.

Mimi sikuamini kwamba atausema uongo huo. Ndiye aliyetufundisha kwamba ulimi wa uongo unatutenga na Mungu, naye hakuwa mtu wa kufundisha asichokifanya. Nilikuwa nimejawa na hofu kwamba atasema kweli.

Jumapili ikafika. Homgadi wakaketi pale pale. Mama Wanja walimleta wakamkalisha katikati yao, nywele zimejaa majivu, mdomo umevimba. Mwalimu Igoki akaja mbele akiwa na gauni lile la samawati.

"Aliyoyasema Wanja si kweli," akasema. "Niliyatunga mimi. Nimewafundisha watoto wenu kusema uongo mbele ya Mungu, nami nimetubu."

Wanja alikuwa karibu nami kwenye mkeka wa watoto. Nilimwona akigeuka kumtazama, kama mtu aliyepigwa kofi bila kujua kosa lake. Kisha akasimama. Sikuwahi kuogopa hivyo kabla ya hapo wala baadaye. "Mwalimu," akasema, "lakini mimi sikudanganya. Nduma ilikuwa..."

"Keti chini," Mwalimu Igoki akamkata. Hakuwa amewahi kutupandishia sauti hata siku moja, na sauti hiyo ilitoka kali kama ya homgadi. "Wewe ni mwongo, Wanja. Ni mwongo, na mimi ndiye niliyekufundisha. Keti."

Wanja akaketi. Hakulia. Nilimshika mkono, naye hakunishika. Pale mlangoni Ireri akainuka, akachukua bunduki yake, akamwambia Mama Wanja kwa sauti ya kawaida, "Nenda nyumbani."

Lori lilikuja Jumatatu likaondoka bila yeye. Wazee walitimiza neno lao. Mwalimu Igoki akawekwa benchi la nyuma kabisa, hakuruhusiwa kuimba na kwaya, na sisi tukapewa mzee mmoja aliyetufundisha katekisimu kwa fimbo. Tulipopishana na Mwalimu njiani, alitusalimia kama kawaida, nasi tulikuwa tumekatazwa kuitikia. Wanja hakuhitaji kukatazwa. Alimchukia kwa moyo wote, kwa miaka, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kumweleza, kwa sababu mtoto asiyejua kukaa na uongo hawezi kuachiwa jambo kama hilo.

Imajensi ilipoisha na handaki likafukiwa, Mwalimu Igoki alikuwa ameshaolewa huko Nkubu. Ndipo Mama Wanja akamketisha binti yake akamwambia yote. Wanja alikuja kwetu usiku ule ule hawezi kusema, nikajua. Siku ya soko tukaenda Nkubu wote wawili, tukaulizia, tukamkuta anapepeta maharagwe uani, mtoto mgongoni. Wanja alikuwa amepanga maneno njia nzima. Hakuyasema hata moja. Mwalimu Igoki aliweka ungo chini, akamtazama, akamuuliza, "Mama yako yu mzima?"

"Mzima," Wanja akasema.

"Basi ni vizuri," akasema, akaenda kutuwekea chai.

Kanisa halijamrudisha mpaka leo, na ameshazikwa. Juzi kijana anayewaongoza vijana wetu alinijia analalamika. Ni kijana mzuri, ana bidii, lakini anasema mabadiliko yamezidi, vijana wako kwenye simu tu, hajui atawashika vipi. Akaniuliza, "Cucu, enzi zenu viongozi walifanyaje?" Nikamsimulia haya yote. Kisha akaniuliza kama mama huyo alitubu ule uongo kabla ya kufa, ili waweze kumwombea. Nikamwambia anywe chai yake.

Sasa hivi ushuhuda unatolewa kwa maikrofoni kila Jumapili. Mmoja amepata visa, mwingine ameshinda kesi ya shamba, mwingine mtihani, na wote wanapigiwa vigelegele. Nawafurahia, sisemi uongo. Wanasema chochote mbele ya yeyote, na wanarudi nyumbani wanamkuta mama jikoni. Sisi hatukuwa na kitu kama hicho. Wakifika sehemu hiyo ya ibada, Wanja huinuka akachukua mkongojo wake akatoka nje, nami humfuata, tukasimama karibu na tangi la maji tukizungumza habari za mvua mpaka wamalize. Vijana wanadhani ni miguu inayotuuma, na wametununulia viti vyenye mito.