Kila Saa Nne Muziki Hukatika

Watu wengine wamezaliwa kuokoa maisha ya wenzao. Antena alizaliwa kutoa ruta za watu kwenye makabati ya masufuria.

Antena si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa kitindamimba, mrefu na mwembamba kama fimbo, na zamani televisheni ya nyumbani ilipoanza kutoa chenga, kaka zake walikuwa wakimsimamisha pembeni ashike waya mpaka picha itulie. Alisimama hapo mechi nzima asione hata goli moja. Jina likamganda, na kazi nayo ikamfuata. Sasa ana miaka arobaini na miwili, ana mkoba mzito wa vifaa, na anafunga mitandao ya waifai majumbani kwa watu wanaotaka muziki mmoja usikike sebuleni, jikoni na chumbani kwa wakati mmoja.

Ukidhani ni kazi nyepesi, ijaribu. Spika ya jikoni ikichelewa kidogo tu nyuma ya ile ya sebuleni, nyumba nzima inaimba kama kwaya ya walevi. Na hao wenye nyumba! Mmoja aliivika ruta kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Mwingine aliifungia ndani ya sanduku la bati ili wezi wasiione, kisha akapiga simu kulalamika kwamba mawimbi hayafiki bafuni.

"Mama," Antena alimwambia, "hata mimi ukinifungia humo, bafuni sifiki."

Yote hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni nyumba ya wazazi wake mwenyewe. Mganga hajigangi, wanasema, lakini angalau mganga hapigiwi simu na dada yake karibu kila siku saa nne na dakika mbili asubuhi.

"Umekatika tena," alisema Dada Mkubwa. Hakuwa hata na muda wa salamu. Alikuwa kazini kwake, kwenye duka la dawa, na simu yake ilikuwa imemwonyesha kwamba spika zote nne za nyumbani hazipatikani. "Wewe ni fundi wa aina gani? Kwa watu unafunga, kwetu unafungua?"

Dada Mkubwa ndiye aliyekuwa akiishi na wazee, na kwa hiyo alikuwa na haki ya kufoka. Mama alikuwa ameanza kusahau. Alianza na miwani na funguo, kama watu wote, kisha akasahau majina ya wajukuu, kisha akaanza kumwamkia mume wake. Ndiyo, kumwamkia. "Shikamoo mzee," alimwambia kila walipokutana kwenye ujia, kwa adabu zote, kama mtu aliyemkuta mgeni wa heshima nyumbani kwa watu. Na Baba, mwenye miaka minne zaidi yake na ndoa ya miaka hamsini na mmoja, alijibu, "Marahaba," akapita zake.

Kitu pekee kilichomtuliza Mama kilikuwa muziki. Nyimbo zikicheza kila chumba, alipika uji bila kuunguza, alikunja nguo, alitembea kutoka chumbani hadi jikoni bila kupotea. Zikinyamaza, moja haikai mbili haikai: atafungua droo zote, atahamisha viti, atauliza wenye nyumba wako wapi. Dada Mkubwa akirudi mchana anakuta nyumba imepinduliwa juu chini. Alikuwa amechoka mpaka sauti yake imebadilika. Alikuwa amemwambia Antena waziwazi: muziki usipotulia, hataweza kuendelea na kazi, na asipoendelea na kazi, Mama itabidi apelekwe kwa kaka yao, mji mwingine, kwenye nyumba asiyoijua hata mlango wake.

Kwa hiyo Antena alienda. Mara ya kwanza aliihamisha ruta kutoka nyuma ya friji hadi juu ya rafu ya sebuleni. Nyumba ile ni ndefu, vyumba vimepangana kama mabehewa, na kuta zake ni za enzi ambazo watu walijenga kana kwamba wanatarajia vita. Basi mara ya pili akaweka kisanduku cha kupokea na kusambaza mawimbi katikati ya ujia. Mara ya tatu akavuta waya kabisa juu ya dari, akatoka huko na utando wa buibui kichwani. Kila mara alijaribu wimbo mzima, akiwa amesimama katikati ya vyumba, na spika nne zikaimba pamoja bila kupishana. Kila mara kesho yake, saa nne asubuhi, chali.

Alifungua kumbukumbu za mtandao kwenye simu yake. Unakatika saa nne, unarudi baada ya dakika sita. Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili haukatiki.

"Seremala!" Antena alisema peke yake barabarani, mpaka mtu mmoja akageuka. Jirani wa wazazi wake alikuwa seremala, na Jumapili hafanyi kazi. Mashine zake bila shaka zilikuwa zinavuruga umeme. Akaenda kumkabili, mkoba begani, na maneno tayari yamepangwa.

Seremala alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mashine yangu imekufa tangu mwezi juzi," alisema. "Njoo uione. Tena wewe si fundi? Hebu niangalizie."

Alipoteza saa nzima kwenye mashine ya seremala, na haikupona.

Alipoingia kwa wazazi wake siku hiyo, mori ulikuwa umempanda hasa. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake sebuleni, kile kilicho karibu na rafu ya ruta, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umekuja na mkoba tena?"

"Baba, wewe huzimi swichi hii ya ruta kweli?"

Swali lilikuwa na historia yake. Baba alikuwa fundi umeme wa kiwanda kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna kilichowahi kumuudhi kama soketi iliyowashwa bila mtu chumbani. Mama naye alikuwa mshonaji, na hakuwahi kushona mshono mmoja bila redio. Walikuwa na redio tatu, na nyumba hiyo iliishi miaka yote hiyo kwa mtindo mmoja: Mama anapita akiwasha, Baba anapita nyuma yake akizima, kisha kelele. "Wewe! Umezima tena? Umeme ni wa baba yako?" Naye Baba, "Redio inamwimbia nani? Viti?" Watoto sita walikua wakiusikia ugomvi huo kama wengine wanavyosikia jogoo.

"Mimi?" Baba alisema. "Nizime ili iweje?"

Antena hakuridhika. Akachomoa utepe mweusi wa kufungia nyaya, akakata kipande kwa meno, akakibandika juu ya swichi ya ruta, na juu yake akaandika kwa kalamu nyeupe: USIZIME. Baba aliutazama utepe huo kwa utulivu, akajitia hamnazo.

Kesho yake, saa nne, umekatika.

Antena alibadilisha ruta nzima. Umekatika. Alipiga simu kwa kampuni ya mtandao, akasubiri huku kinanda kikimchezea sikioni, akaambiwa na binti mwenye sauti tamu azime kisha awashe. Akataka kulia. Alianza kuota taa nyekundu zinazopepesa. Mteja mmoja alimuuliza kwa upole kama anaumwa, akajibu kwa ukali, kisha akaomba radhi, kisha akakasirika kwa kuomba radhi.

Siku ya Ijumaa alipita kwa wazazi jioni, bila mkoba, kuwasalimia tu kama mtoto wa watu. Alipoinama kwenye rafu, akaona utepe bado upo mahali pake, na maandishi yake, USIZIME, ila herufi zilikuwa zimesimama vizuri kuliko mwandiko wake. Akausogelea. Ncha zake zilikuwa zimenyooka, zimekatwa kwa kisu.

Yeye hukata utepe kwa meno. Amekanywa miaka yote na hajaacha. Aliyemkanya alikuwa fundi mmoja tu duniani, na alikuwa amekaa hapo kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akitazama dari.

Kikulacho ki nguoni mwako.  Antena aliaga, akatoka, akatembea hadi kwake akihesabu safari zake zote za bure, na kila hatua hasira ikaongezeka.

Jumamosi, robo saa kabla ya saa nne, aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama jikoni, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu. Kutoka hapo aliiona sebule yote. Muziki ulikuwa unacheza vizuri, nyumba nzima, sauti moja. Alijisifu kidogo, hata katika hasira. Mama alikuwa chumbani akikunja nguo na kuimba kwa sauti ya chini.

Saa nne kamili Baba aliinuka. Akatoa kisu kidogo mfukoni mwa shati, akabandua utepe taratibu, akaukunja, akazima. Kisha akakaa na kulaza mikono juu ya magoti.

Nyumba ikanyamaza. Antena alikuwa tayari ameshika mlango ili atoke na kumkamata Baba peupe, akamsomee yote, dari na utando wa buibui na seremala. Lakini kutoka chumbani zikasikika droo. Moja, mbili. Kisha hatua za kandambili kwenye ujia, za haraka, hatua ambazo Antena hakuzisikia kwa zaidi ya mwaka.

Mama akatokea mlangoni pa sebule, mkono kiunoni.

"Wewe!" alisema. "Umezima tena?"

"Redio inamwimbia nani?" Baba alisema. "Viti?"

"Umeme ni wa baba yako? Miaka yote mtu hajui kukaa akatulia! Mimi nina kazi kule, wewe kazi yako kunifuata nyuma unazima! Watoto wakirudi nitawaambia."

"Waambie."

"Nitawaambia. Na sogeza miguu yako."

Akaipita miguu ile, akawasha swichi mwenyewe, kwa pigo la kiganja. Kisha, badala ya kurudi chumbani, akakaa kwenye kiti cha pili, karibu kabisa na Baba, akaendelea kulalamika: kola ya shati lake imechakaa, kwa nini hasemi aishone? Amepungua, anakula nini? Alimwita kwa jina la utani la ujanani, jina ambalo watoto walikatazwa kulitamka. Baba alijibu moja moja, akimtazama usoni bila kupepesa, kama mtu anayekunywa maji na hajui bomba litafungwa lini.

Kwenye rafu ruta ilikuwa ikiamka, taa moja, taa ya pili. Antena aliijua vizuri kazi yake. Aliichagua ruta ile kwa sababu huamka haraka kuliko zote. Dakika ya sita spika nne zikaingia pamoja, safi, bila kupishana.

Mama akanyamaza katikati ya neno. Uso wake ukalainika. Akasikiliza kidogo, akainuka, akamgeukia yule mtu aliyekuwa amekaa karibu naye, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Umekuja kumwona nani?"

"Marahaba," Baba alisema. "Nawasubiri wenyewe."

Mama akarudi kwenye nguo zake. Baba akatoa gombo la utepe, akakata kipande kwa kisu, akakibandika juu ya swichi, akaandika juu yake.

Simu ya Antena ikatetemeka mkononi. Ni Dada Mkubwa, leo amechelewa dakika chache. Antena akatoka uani kuipokea.

"Umekatika tena!"

"Najua."

"Unajua? Unajua halafu?"

"Dada, mtandao hauna ubovu." Akaurudisha mlango wa nyuma. "Jumatatu omba ruhusa kazini. Njoo saa nne usimame jikoni, ukae kimya. Utaona mwenyewe. Droo nitazipanga mimi leo."

Alikaa uani muda mrefu kidogo. Sasa alielewa hata Jumapili: siku hiyo Dada hushinda nyumbani. Alilia, kisha akakasirika tena, kwa kuwa Baba angeweza kusema tu, mtu mzima na ulimi wake, badala ya kumpandisha darini. Lakini angesemaje? Kwamba anamkosa mkewe, na mke yuko chumbani?

Alienda kwake akarudi na mkoba. Akaingia sebuleni kwa mlango wa mbele, akasalimia, akabandua utepe ule mzuri bila kumtazama Baba. Kati ya soketi na ruta akachomeka kisanduku cheupe chenye taa nyekundu, akazungusha kitufe chake mpaka mwisho.

Baba aliinama kukitazama. Macho yamefifia, lakini ufundi hauzeeki.

"Hiki si cha kulinda friji?" aliuliza. "Kile ambacho umeme ukirudi, kinauzuia kwanza?"

"Ndicho."

Kutoka chumbani Mama alikuwa akiimba.

"Kinauzuia dakika ngapi?"

"Kumi, Baba. Na ruta nayo ina zake sita."

Baba alihesabu kwa vidole juu ya goti. Alihesabu tena, kisha akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hakuna cha saa nzima?"

"Nitatafuta," alisema Antena.