Mashini iliyoambiwa ikeshe

Sidonie anaandikia watu maneno yao karibu na soko ya Kasongo. Chumba chake ni kimoja, mulango wa bluu, pano ya jua juu ya mabati, batri chini ya meza, na imprimante ya kutolea karatasi iliyofunikwa kitambaa cha kufuma utasema mutoto muchanga amelala. Mutu anakuja na ombi la kazi kichwani, au tangazo la kwaya, anaketi, anasema. Akikwama kutafuta neno, Sidonie hamusukume. Anangoja akitabasamu, vidole viko juu ya klavye kama mutu anayeota moto.

Zamani fulashi za wateja zilikuwa zinamuletea virusi kila juma. Mudogo wake Élysée, anayetengeneza mashini za kompyuta kule Kindu, ndiye aliyemuwekea Linux, programu ambayo virusi hivyo haviiwezi, akamuachia kazi ya kujifunza mwenyewe. Kila kitu kiliandikwa Kifaransa. Kifaransa cha Sidonie ni cha kanisani na cha redio, lakini haogopi. Neno asilolijua analigeuza-geuza mpaka linampa maana.

Siku moja ya jua kali akafika Mama Consolée, mwanamuke wa Kabambare. Mutoto wa kaka yake alikuwa anaoa Salamabila, na yeye, shangazi, ndiye aliyepewa kusema mbele ya wakwe. Motari wake, Chadrack, aliyemubeba kwa pikipiki, alikuwa ameenda kutafuta mafuta ili waondoke na kulala njiani. Kusema hakukumupa shida. Shida ilikuwa mashemeji wa upande wa bibi arusi.

“Nikisimama mikono mitupu watanikatia maneno,” akamuambia Sidonie. “Mutu mwenye karatasi wanamuogopa kidogo.”

Basi akasema asubuhi yote, kwa Kibangubangu, ukoo juu ya ukoo, nani alimuzaa nani, nani alivuka mutoni akibeba nani mugongoni. Sidonie, ambaye mama yake ni Mubangubangu, alikuwa anaandika na kucheka, na mahali pengine macho yalimulowa asijue acheke ao alie. Walipofika mwisho, njaa ikawashika. Kwa jirani Yvette, anayeuza chakula, harufu ya ugali na samaki wa Nyangwe ilikuwa inawaita kwa majina.

Hapo ndipo Sidonie akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe. Kwa kawaida anamaliza kazi, anamusomea mteja, mteja akikubali ndipo anaihifadhi kwa jina la mwenye maneno. Kuhifadhi kabla mutu hajakubali, kwake ni kama kubatiza mutoto hajazaliwa. Na Mama Consolée alikuwa bado hajasomewa. Kuzima hawezi, kuacha wazi anaogopa kumaliza batri. Akatafuta kwenye ekrani, akaona imeandikwa: Mettre en veille.

Veille. Hilo alilijua. Ni la matangani, watu wakikaa na maiti mpaka asubuhi, wanaimba, hakuna kulala. Akabonyeza, akageuka akiwa amefurahi sana.

“Twende tukule, mama. Nimeiambia ikeshe.”

Waliporudi, ekrani ilikuwa nyeusi. Sidonie akagusa klavye. Ndani ya mashini kitu kikaanza kuvuma, taa ndogo ya pembeni ikawaka vizuri, lakini ekrani ikabaki nyeusi kama masizi. Akagusa tena. Akaipangusa na kitenge. Mama Consolée akaketi polepole, akashika mukoba wake na mikono miwili.

“Maneno yangu iko wapi?”

“Iko ndani, mama.”

“Ndani wapi? Mimi siwezi kuyasema tena vile vile. Yalitoka yenyewe.”

Chadrack akaingia, amepata mafuta, anataka safari. Akaangalia ekrani, akasema hata simu yake inafanya hivyo, dawa ni kufinya butoni mpaka izimike yote. Kidole chake kilikuwa tayari njiani. Sidonie akamushika mukono. Akizima, akamueleza, maneno yote ya mama yanaenda, hakuna pa kuyaokota.

Wakamupigia Élysée. Lakini rezo ya simu haingii chumbani, inaishia kwenye jiwe lililo mbele ya jiko la Yvette, ng’ambo ya njia. Kwa hiyo Chadrack akapanda juu ya jiwe na simu sikioni, Sidonie akabaki kwenye klavye, na kila neno la Kindu likawa linavuka njia kwa sauti ya motari, wauza mihogo wote wakisikiliza.

Élysée aliuliza kwanza: ukigusa butoni ya herufi kubwa, taa yake ndogo inawaka? Sidonie akagusa. Ikawaka. Basi mashini haijakufa, Chadrack akapeleka habari, imeamuka, ni ekrani tu ndiyo bado inalala. Wakajaribu kuongeza mwangaza. Hakuna. Halafu ikaja amri ya kufinya Ctrl, Alt na F3 kwa mara moja. Chadrack akaisema vibaya, muuza mihogo aliyesogeza sikio karibu na simu akamusahihisha.

Sidonie akafinya. Ekrani ikashituka, ikaleta maandishi meupe, madogo, yasiyo na picha yoyote. Yalikuwa yanauliza jina.

Mama Consolée akainama kusoma. “Majina? Asubuhi yote nimeipa majina, bado haijashiba?”

Usiandike kitu, likavuka neno la Élysée. Finya tena vile vile, lakini F7, huko ndiko picha zako zinakaa. Sidonie akafinya. Ekrani ikakaa nyeusi muda wa mutu kumeza mate, halafu ukoo wote wa Mama Consolée ukarudi, kuanzia yule wa mutoni. Sidonie akahifadhi kabla ya kupumua. Mutoto akabatizwa kwanza, kuzaliwa kukawa baadaye.

Élysée akataka kujua dada yake alikuwa amegusa nini. Akaambiwa. Chadrack akaondoa simu sikioni, akaiangalia, akairudisha.

“Anacheka,” akatangaza. “Anasema veille ya mashini ni kulala.”

“Muambie kwetu mutu wa veillée, kwenye matanga, akilala wanamupaka masizi usoni,” Sidonie akajibu.

“Anasema ndiyo maana ekrani imekuwa nyeusi.”

Hapo hata Yvette akaacha sufuria yake ili acheke. Élysée akaahidi kumuletea marekebisho ya ekrani akija. Kwa sasa asiiguse tena ile veille, akitoka afunge kwa Verrouiller, yaani kwa kufuli, na ahifadhi kila mara, mteja akubali asikubali.

Sidonie akasoma maneno kwa sauti, Mama Consolée akisikiliza amefumba macho. Mwishoni akafumbua macho. Pale alipokuwa ameketi anaogopa, akasema, alikumbuka mutu aliyemusahau: mujomba aliyemulea bwana arusi. Angefika Salamabila bila yule, ingekuwa haya.

“Muweke juu,” akasema. “Mashemeji wote wamusikie yeye kwanza.”

Karatasi zikatoka za moto. Mama Consolée akazikunja, akazitia kifuani, akapanda pikipiki nyuma ya Chadrack. Hawajafika hata kwenye kona, alikuwa amekwisha kuanza kuhutubia mugongo wa Chadrack, na Chadrack anaitika “ndiyo, mama” kwa heshima yote ya upande wa wakwe.