Pazia la Kamera ya Anyait

Anyait alikuwa fundi wa nguo pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kamera hazikumhusu hata kidogo, mpaka mwaka 1973 alipokwenda Amagoro kupigwa picha. Kwenye rafu ya Callistus, mpigapicha, aliona kamera kuukuu ya Exakta imejaa vumbi.

"Hiyo ilishakufa, mama," Callistus akamwambia. "Pazia lake la ndani, la kuzuia mwanga, limeoza. Picha zinatoka na madoa."

Anyait aliibeba hadi mlangoni, akafungua kifuniko cha juu, akainama. Kwenye kijioo kidogo barabara nzima ilikuwa inaelea: matope mekundu, akina mama na ndizi zao, malori. Kila kitu kiligeuka, kushoto kikawa kulia. Lori lililokwenda Uganda lilionekana linarudi, taratibu, kama ndotoni. Alikaa hivyo mpaka Callistus akamuuliza kama anaumwa.

"Hilo pazia limetengenezwa kwa nini?"

"Kitambaa tu. Cheusi, chepesi sana."

"Basi nipe. Kitambaa ndiyo kazi yangu."

Akaipata kwa kumshonea Callistus suruali mbili. Kwanza akajaribu pazia la kitambaa cha mwavuli, likapitisha mwanga. Kitambaa cha pili kilikuwa kizito, kikakwama. Miezi ikaenda. Mwishowe alikata bitana ya koti la marehemu baba yake, akaipaka gundi ya kuzibia tyubu za baiskeli, nyembamba kama pumzi. Callistus akatia filamu, akampiga picha akiwa mlangoni. Iliposafishwa, haikuwa na doa hata moja. Callistus aliitazama sana.

"Nirudishie, nami nikushonee wewe suruali mbili," akasema. Wote wawili wakacheka, lakini Anyait hakuirudisha.

Habari zikasambaa kwa madereva. Kiprono, wa malori ya Mombasa, akamletea kamera ya Praktica iliyokwama. Wengine wakafuata. Kufikia 1978 alikuwa na kamera tisa zake mwenyewe kabatini, na alizijua kwa sauti hata akifumba macho: moja ililia kama kitambaa kinachochanwa, nyingine kama kufuli la nyumba ya watu wengine.

Wateja nao walileta za kwao zitengenezwe, kutoka Busia hadi Angurai, wakalalamika kwamba anakawia.

"Gundi haijakauka," aliwaambia.

Ilikuwa imekauka tangu jana. Alikuwa bado anaangalia barabara ndani ya kamera zao.